Ng'ambo yenye nyota nne: kunyoosha maandishi ya Markdown kwa herufi zisizoonekana

Juzi dada yangu, anasomesha skuli hapa mjini watoto wa darasa la pili, alinipa kazi ya kumtengenezea karatasi ya sauti za ng na ng'. Si unajua watoto wanavyochanganya, akikuta ng'ombe anasoma ngombe, akikuta ngazi anakupa ng'azi. Akataka mwanzo wa kila neno ukae boldi mtoto aione sauti yenyewe, neno lililobaki liwe la kawaida. Mimi karatasi zote naziandika kwa Markdown, yani maandishi ya kawaida yenye alama kama nyota zinazogeuzwa boldi au orodha, kwenye simu, nikipata laptopu nazigeuza PDF, nishazoea, nikaona hii kazi ya dakika tano tu kabla sijaenda msikitini.

Nikaandika hivi, nyota mbili za kufungua boldi na mbili za kuifunga:

```
**Ng**oma
**Ng**azi
**Ng'**ambo
**Ng'**ombe
```

Ngoma na ngazi zikatoka safi. Ng'ambo na ng'ombe zikatoka na nyota zake nne vilevile nilivyozipiga. Nikafuta, nikaandika upya, nikahisi labda nimekosea kuhesabu nyota, wapi. Nikamtumia dada picha ya skrini, akanipigia simu anacheka, "Kaka, huyu ng'ombe mbona kavaa nyota kama jemadari?" Nikamwambia nipe nusu saa. Nusu saa ikawa mpaka usiku, na kilichonitoa ni herufi moja ambayo kwa macho huioni, ndo maana nnaandika hapa ili mwengine asikeshe kama mimi.

Kwanza kwa nini inatokea, mana ukishajua hili mengine yote yanafuata. Markdown ilitolewa na John Gruber mwaka 2004, na maelezo yake ya mwanzo yaliacha mambo mengi hayakusemwa, kila programu ikawa inafanya lake. Mwaka 2014 wakatoka watu wakaandika kanuni za CommonMark zinazosema kila kitu kinakwendaje, na siku hizi programu nyingi zinafuata hizo. Sasa humo mna kanuni moja ya nyota za kufungia. Zikifika pale zinatazama herufi iliyo kabla yao na iliyo baada yao. Kama iliyo kabla ni alama ya uandishi, yani nukta, koma, mabano, ritifaa (hii ') na jamaa zake, basi iliyo baada lazima iwe nafasi au alama nyengine au mstari uwe umekwisha. Ikiwa ni herufi ya neno au tarakimu, nyota hazifungi, zinabaki kuwa nyota tu.

Sasa tazama `**Ng'**ambo`. Kabla ya nyota za kufungia mna ritifaa, baada yake mna a. Kwisha habari. Kwenye `**Ng**oma` kabla yake mna g, herufi ya kawaida, hakuna tatizo. Waliotunga hii kanuni walifikiria alama za kunukuu, hawakufikiria kuwa kuna lugha ritifaa ni sehemu ya herufi yenyewe. Hata ukiweka ile ritifaa iliyopinda ’ haisaidii, nayo inahesabiwa alama ya uandishi.

Dawa ni kupenyeza kitu baina ya ritifaa na nyota, kitu ambacho programu inakihesabu kuwa si alama wala si nafasi, na msomaji hakioni. Kama fundi anavyotia kabari kwenye mlango uliocheza. Hapa chini kila nitakapoandika ▯ ujue ndo mahali inapokaa herufi isiyoonekana, usije ukaandika hicho kijisanduku chenyewe:

```
**Ng'▯**ambo
```

Hapo nyota zinatazama nyuma zinakuta kitu ambacho si alama, zinafunga, neno linatoka lilivyotakiwa.

Kitu chenyewe ni kipi? Zipo nyingi, za kujua kweli ni chache. Iliyo maarufu ni nafasi isiyo na upana, namba yake kwenye Unicode, ile orodha ya dunia nzima inayoipa kila herufi namba yake, ni U+200B. Haina upana lakini inaruhusu mstari ukatike pale ilipo. Kwa hiyo ukiitia kwenye Ng'ambo, na neno likaangukia ukingoni mwa ukurasa, unaweza ukakuta Ng' imebaki juu na ambo imeshuka chini. Kwa hiyo kwa kazi kama hii ya dada situmii hiyo, natumia kiunga maneno, U+2060, nayo haina upana na haionekani ila kazi yake ni kinyume, inakataza mstari usikatike. Hii iliingizwa kwenye Unicode mwaka 2002, toleo la 3.2, kabla yake watu walikuwa wanatumia U+FEFF kwa kazi hiyohiyo, na ukiikuta U+FEFF siku hizi mara nyingi imekaa mwanzo kabisa wa faili kama alama ya faili lenyewe, usiitumie kwa kabari. Halafu kuna nafasi isiyokatika, U+00A0, hii ina upana kama nafasi ya kawaida ila haigawiki, na CommonMark inaihesabu kuwa ni nafasi kama nafasi nyengine, kwa hiyo kwa tatizo la ng' haifai kabisa, ukiitia kabla ya nyota za kufungia unazidi kuharibu. Inafaa pengine, nitafika.

Kuziandika ndo watu wengi wanapokwama mana hazipo kwenye kibodi. Kwenye Word andika 200B kisha bonyeza Alt na X, inageuka hapohapo, halafu unaikopi unakokutaka. Kwenye Linux programu nyingi zinakubali Ctrl, Shift na U pamoja, kisha 200b, kisha Enter. Kwenye Mac nafasi isiyokatika ni Option na kibonye cha nafasi. Kwenye simu hakuna ujanja wa maana, mimi nimejiwekea noti moja nimeandika mabano mawili na herufi imo katikati, [▯], pembeni jina lake. Nikiitaka nakopi yote pamoja na mabano, napesti, nafuta mabano. Ukijaribu kuikopi peke yake bila ya mabano utahangaika na kidole mpaka simu ife chaji, mana utashikaje kitu usichokiona.

Njia nyengine ni kuiita kwa jina lake la HTML, lugha ya kurasa za mtandao, `&#8203;` kwa U+200B na `&#8288;` kwa kiunga maneno. Hapa pana mtego ulionipotezea saa nzima, sikiliza vizuri. Mimi nikafikiri ni kitu kilekile, nikaandika:

```
**Ng'&#8288;**ambo
```

Haikufanya kazi! Kwa sababu nyota zinatazama maandishi kama yalivyopigwa kabla hayajageuzwa, na kilicho kabla yao hapo ni nukta mkato, ile ya mwisho wa jina, nayo ni alama ya uandishi. Tumerudi kulekule. Lakini ukilihamisha jina likae nje ya nyota:

```
**Ng'**&#8288;ambo
```

linafanya kazi, tena kwa sababu ya kuchekesha, ile & ni alama ya uandishi, na kanuni inasema baada ya nyota ikiwepo alama basi sawa. Kwa hiyo kilichokuokoa hapo si herufi isiyoonekana, ni & yake. Ukitumia herufi yenyewe halisi mambo yanageuka, ndani ya nyota inafaa, nje haifai, mana ikikaa nje nyota bado zinaona ritifaa nyuma na kitu kisicho alama mbele. Herufi halisi ndani, jina la HTML nje. Nimeiandika kwa kalamu ya wino juu ya kava la daftari.

Na kabla hujakimbilia huko, kuna njia mbili ambazo hazitaki kificho chochote. Moja ni kuandika `<strong>Ng'</strong>ambo`, tagi za HTML hazijali ritifaa, ila kuna pahala HTML imezuiwa. Ya pili ni kubadilisha ritifaa yenyewe, kuna herufi ʼ ya U+02BC ambayo kwa macho ni ritifaa lakini Unicode imeiandikisha kuwa ni herufi, si alama, kwa hiyo `**Ngʼ**ambo` inapita bila ya kabari. Kilugha nnaona hii ndo sahihi khasa, mana ng' yetu ni sauti moja. Tabu yake nani ana hiyo herufi kwenye kibodi, mtu akija kutafuta ng'ombe kwa ritifaa ya kawaida hampati.

Tatizo hilihili la kufunga utalikuta kwenye bei. Rafiki yangu anauza viungo na sabuni za mwani, aliniletea orodha yake imejaa nyota, kila mstari umeandikwa `**Bei:**5,000`. Nukta mbili kabla, tarakimu baada. Hapo usihangaike na herufi za siri, tia nafasi tu baada ya nyota au zitoe nukta mbili nje, `**Bei**: 5,000`, umemaliza. Na walioandika `**Bei: **5,000` wao wana ugonjwa mwengine, nafasi imekaa ndani kabla ya nyota za kufungia, na nyota za kufungia hazitaki kabisa nafasi mgongoni. Itoe nje. Watu wakishajua kuna herufi ya siri wanataka kuitia kila pahala kama pilipili, na kumbe mara nyingi kibonye cha nafasi kinatosha.

Mfano mwengine wa kutoitia. Mwalimu mwenzake dada, yeye wa historia, aliandika mfululizo wa matukio:

```
1890. Zanzibar yawa chini ya himaya ya Uingereza
1896. Vita vile visivyofika saa moja
1963. Uhuru, Disemba 10
1964. Mapinduzi, Januari 12
```

Ukiona mstari umeanza na namba, nukta na nafasi, Markdown inafikiri hiyo ni orodha yenye namba. Na orodha inachukua namba ya kwanza tu, zilizobaki inahesabu wenyewe. Kwa hiyo karatasi ikatoka 1890, 1891, 1892, 1893. Uhuru wa 1892 na Mapinduzi ya 1893, ichapishwe iende kwa wanafunzi wa mtihani! Programu za zamani zaidi ndo zingeandika 1, 2, 3, 4 kabisa, afadhali hiyo mana mtu angeshtuka, hii ya kuhesabu kuanzia 1890 inakaa kama kweli vile. Sasa hapa ukitia U+200B mwanzo wa mstari inakubali, mstari hauanzi tena na tarakimu. Lakini kuna njia ya halali na inayoonekana, tia ule mkwaju uliolala nyuma kabla ya nukta, `1964\.`, na mtu mwengine akifungua faili lako anaelewa ulichofanya. Mkwaju huo unazuia alama nyingi, nyota `\*`, alama ya reli `\#`, kistari cha mwanzo `\-`. Pahala mkwaju unafanya kazi sioni sababu ya kuficha kitu. Na kila mwaka ukae mstari wake, acha mstari mtupu katikati au mistari itagandana ikawa aya moja, na hilo linanileta kwenye mashairi.

Mashairi ndo yananifanya nipende hizi herufi. Shairi letu la kawaida mshororo una vipande viwili, mizani nane na nane, na wengi wanapenda vipande vikae mbalimbali ukwapi upande huu utao upande ule. Mstari wangu mwenyewe wa kujaribia, msinicheke:

Karafuu za jamvini,   mvua imezinyeshea

Ukipiga nafasi tatu za kawaida katikati, ukurasa wa HTML unazimeza zote unabakisha moja. Ukiziweka mwanzo wa mstari kusogeza kibwagizo ndani, nafasi nne baada ya mstari mtupu zinageuka kuwa kisanduku cha msimbo, kibwagizo chako kinatoka kwa herufi za kompyuta na mandhari ya kijivu kama kosa la mashine. Hapa ndo U+00A0 inapofaa, jina lake `&nbsp;`, hii haimezwi. Mimi kwa shairi natumia ile pana, `&emsp;`, yenyewe upana wake ni sawa na ukubwa wa herufi, mbili zinatosha kutenga vipande:

```
Karafuu za jamvini,&emsp;&emsp;mvua imezinyeshea
```

Na mwanzo wa kibwagizo vilevile, `&emsp;&emsp;` kisha maneno. Maandishi ya ndani ya faili yanachafuka kidogo, lakini nnaona bora uchafu unaoonekana kuliko usafi ambao kesho mwenyewe hujui umefanya nini. Kutenga beti zaidi ya kawaida, andika `&nbsp;` peke yake kwenye mstari wake, na mstari mtupu juu na chini, itakupa aya tupu.

Na mwisho wa mshororo je? Markdown inaunganisha mistari inayofuatana, mishororo minne inakuwa mstari mmoja mrefu. Kanuni ya tangu asili ni kumaliza mstari kwa nafasi mbili, nazo hazionekani pia, kwa hiyo ukifikiri vizuri Markdown yenyewe ndo ilotufundisha mambo ya kuficha. Sasa andika shairi kwenye simu ujaribu. Ukipiga nafasi mara mbili kibodi nyingi za simu zinakuwekea nukta! Kuna shairi nimeliandika daladalani nakwenda Bububu, nimefika nyumbani kila mshororo una nukta na mishororo yote imeshikana. Tena kuna programu za kuandikia zinafuta nafasi za mwisho wa mstari kila ukisevu, bila ya kukuuliza. Kwenye CommonMark tumia mkwaju huohuo wa nyuma, uweke mwisho kabisa wa mstari:

```
Karafuu za jamvini,&emsp;&emsp;mvua imezinyeshea\
```

Haufutwi na kibodi haiuchezei.

U+00A0 ina kazi nyengine ndogo ila tamu, kuzuia vitu visiachane. Sh na 5,000. Saa na 2:30. Ukurasa na 14. Mtu asome "njoo saa" mwisho wa mstari halafu namba aikute mstari wa pili, si uzuri.

Haya, kubwa jengine kwetu sisi visiwani ni kuchanganya Kiarabu na Kiswahili. Ratiba za chuoni, matangazo ya msikiti, kadi za harusi, kila siku. Hapa tatizo si Markdown tena, ni mwelekeo, Kiarabu kinakwenda kulia kwenda kushoto na namba inayofuata Kiarabu inavutwa na upande huo. Mwezi wa Ramadhani ustadhi wetu alinipa ratiba niipige, nikaandika jina la sala kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu, kisha saa, kwa saa zetu za Kiswahili:

```
Magharibi المغرب 12:35
```

Mimi nimepiga Kiarabu kwanza halafu saa. Ukitazama hapo juu, saa imerukia kushoto imekaa baina ya Magharibi na Kiarabu. Ukijaribu kuikata na kuipesti mahali pake inarudi kulekule, unaweza ukatupa simu. Herufi ya kunyoosha hapa ni alama ya kushoto kwenda kulia, U+200E, jina lake `&lrm;`. Inakaa baada tu ya neno la Kiarabu:

```
Magharibi المغرب&lrm; 12:35
```

Ikishageuzwa, saa inakaa mwisho pale ilipotakiwa. Alama hii ni kama herufi ya Kilatini isiyoonekana, namba inamwona jirani yake wa nyuma ni wa kushoto kwenda kulia, inamfuata yeye. Mwenzake ni U+200F, `&rlm;`, wa kulia kwenda kushoto, huyu namtumia pale sentensi ya Kiswahili inapomalizika na salamu ya Kiarabu yenye alama ya mshangao. Bila yake mshangao unakaa upande wa kulia, yani kwa msomaji wa Kiarabu ndo mwanzo wa salamu, na ustadhi hilo hakusamehe. Weka `&rlm;` baada ya mshangao, unarudi upande wake.

Kwa ratiba yenyewe lakini, mwisho niliifanya jedwali, Kiswahili safu yake, Kiarabu safu yake, saa safu yake. Kila chumba kina mwelekeo wake haziingiliani, na hizo alama zote nikazitoa. Zinafaa kwenye sentensi na kwenye ujumbe wa simu ambako jedwali hakuna. Na nawasihi, ndani ya neno la Kiarabu msipenyeze U+200C, hiyo kazi yake khasa ni kutenganisha herufi zinazoshikana, mtaikata kalima vipandevipande. Jirani yake U+200D ni ya kuunganisha, ndo hiyo inayoshikanisha emoji za familia, baba mama na mtoto wakawa picha moja.

Nikiwa kwenye jedwali nitaje na kistari laini, U+00AD, `&shy;`. Maneno yetu marefu, safu kwenye simu nyembamba, "wanaotuandikishia" linajaza safu zima au linatoka nje. Tia kistari laini baina ya silabi, `wanaotu&shy;andiki&shy;shia`. Pakiwa na nafasi hakionekani, pakiwa finyu neno linakatika hapo na kistari kinatokea. Kiswahili kimerahisisha, silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kata baada ya irabu hukosei.

Sasa hasara zake, mana nimeshazilipia. Yule rafiki yangu wa viungo namba yake ya kulipia kwa simu niliiandika boldi kwenye orodha, na ili boldi isivunjike kwa mabano yaliyokuwa pembeni nikatia U+200B baada ya tarakimu ya mwisho. Kwa macho safi kabisa. Mteja anaikopi, anaipesti kwenye malipo, anaambiwa namba si sahihi. Anaihesabu tarakimu moja moja, zimetimia. Mteja wa pili hivyohivyo. Siku mbili tunaulaumu mtandao, na kumbe kosa ni langu, mteja alikuwa anakopi tarakimu pamoja na mgeni asiyeonekana. Tangu siku hiyo kitu chochote ambacho mtu atakikopi, namba ya simu, akaunti, linki, neno la siri, hakiingii herufi ya siri hata moja, kama boldi imekataa basi ikose boldi.

Na kutafuta pia kunaharibika. Mimi kwenye karatasi ya dada nikitafuta ng'ombe siipati ile yenye kiunga maneno, mana kwa kompyuta si neno moja tena, lina kitu katikati. Kwa karatasi ya kuchapishwa hainidhuru. Kwa maandishi ya kubaki na kutafutwa, fikiri mara mbili, hapo tumia zile tagi za HTML.

Kuzigundua, VS Code, programu ya kuandikia msimbo, yenyewe inazizungushia kisanduku cha rangi, na kwenye Linux amri `cat -A` inaonesha kila kitu, U+200B inatokea kama `M-bM-^@M-^K`, inatisha lakini angalau unaiona. Ukiwa huna vyote hivyo, weka kidole au mshale mwanzo wa neno uusogeze herufi moja moja, pahala mshale unaposimama mara mbili bila ya kusogea ndo pana mtu.

Kuzifuta zote kwa pamoja, kwenye sehemu ya kutafuta na kubadilisha yenye kukubali ruwaza (regex), naandika hivi na upande wa kubadilishia naacha patupu:

```
[\u200B\u2060\u200E\u200F\u00AD\uFEFF]
```

Angalia humo sikuitia \u200D mana utavunja familia za emoji, na \u00A0 pia sikuitia, ukiifuta hiyo na kuacha patupu maneno yaliyokuwa yametengwa nayo yatagandana, "saa2:30", "Sh5,000". Hiyo ibadilishe peke yake, uweke nafasi ya kawaida, na kama faili lina mashairi nenda nayo moja moja kwa mkono. Halafu ile ng' ya dada ukishazifuta itarudi kuvaa nyota, kwa hiyo faili la karatasi za watoto mimi silipitishi hapa, nimeliweka folda lake.